Nguo ilirudi, lugha bado iko njiani

Katika ukurasa huu wa desturi za mataifa tumekwisha kutembea sana bila kutoka nyumbani. Juma hili tunaenda mbali kwa Waskoti, watu wa ile nchi ambayo watoto wetu wanaisoma masomoni kwa jina la Écosse. Ni nchi ya milima, ya visiwa vingi, ya baridi na mvua, na iko kaskazini ya Uingereza.

Tuseme kwanza kwa nini tumewachagua. Juma lililopita, baada ya kuhesabu likelemba, mmoja wetu alitueleza jambo lililomkaa moyoni. Mama yake mzazi alitoka kijijini kuja kuona wajukuu. Akamwita mjukuu wa miaka sita, akamwekea mkono kichwani, akambariki kwa lugha ya kwao. Mtoto akamgeukia mama yake na kuuliza kwa Kifaransa: « Koko anasema nini? » Koko akanyamaza. Usiku akamwambia binti yake: « Nilikuja kuona wajukuu, nimekuta wageni. » Sisi sote tuliosikia tulinyamaza vilevile, maana wengi wetu tuko na mtoto kama huyo nyumbani. Jambo hili liliwapata Waskoti kabla yetu, na kwao tunaweza kuona linafika wapi.

Tena Waskoti si wageni kabisa kwetu. David Livingstone, aliyefika Nyangwe kule Maniema mwaka 1871, alikuwa Mskoti. Mwezi wa saba wa mwaka ule aliona kwa macho yake wafanyabiashara wa watumwa wakipiga watu risasi katika soko la Nyangwe, soko lililojaa wamama waliokuja kuuza vitu vyao. Habari alizoandika juu ya mauaji yale zilisaidia kulifunga soko la watumwa la Zanzibar mwaka 1873. Livingstone huyo aliandika pia kwamba utotoni alimsikia koko yake akiimba nyimbo za Kigaeli, lugha ya zamani ya Waskoti wa milimani na visiwani. Ukoo wao ulitoka kisiwa kidogo cha Ulva, ukahamia karibu na mji wa Glasgow kutafuta kazi katika kiwanda cha pamba. Wimbo ule wa koko tutaurudia mbele.

JINA LA MTOTO

Wamama wa Uskoti wa zamani hawakutafuta jina la mtoto ovyo. Mtoto wa kwanza wa kiume alipewa jina la baba ya baba yake, na wa pili jina la baba ya mama yake. Msichana wa kwanza alipewa jina la mama ya mama yake, na wa pili jina la mama ya baba yake. Hivyo wakubwa wa pande zote mbili waliitwa kila siku ndani ya nyumba, hata baada ya kufa.

Majina mengi ya koo zao yanaanza na Mac, maana yake « mwana wa ». MacDonald ni mwana wa Donald. Katika Kigaeli mwanamke hasemi Mac, anasema Nic, maana yake « binti wa ». Na kwa desturi ya zamani mwanamke wa Uskoti aliyeolewa alibaki na jina la ukoo wa baba yake. Linaonekana mpaka leo kwenye mawe ya makaburi, mume na mke wamelala pamoja, kila mmoja na jina lake. Wamama wengi wa kwetu hawatashangaa hapo.

Mtu akienda kumwona mtoto mchanga, alimwekea sarafu ya feza mkononi. Mtoto akiishika kwa nguvu, wazee walicheka: huyu atatunza mali. Akiiachia, walicheka vilevile: huyu atakuwa na mkono wa kutoa.

USIKU WA BONANE

Sikukuu yao kubwa ilikuwa Bonane. Baada ya kanisa lao kubadilika katika karne ya 16, viongozi wake walikataza sherehe za Noeli, na Noeli ikawa siku ya kazi kwa watu wengi mpaka mwaka 1958. Kwa hiyo furaha yote ilihamia usiku wa tarehe 31 Desemba, wanaouita Hogmanay.

Mama wa nyumba alikuwa na kazi. Kabla ya saa sita ya usiku nyumba ifagiliwe, majivu ya jikoni yatolewe, madeni yalipwe, mwaka mpya usikute uchafu wala deni. Kisha watu wanangoja mguu wa kwanza, ndiye mtu wa kwanza kuvuka mlango baada ya saa sita. Wanapenda awe mwanaume mrefu mwenye nywele nyeusi, na asije mikono mitupu. Analeta makaa ili moto usizimike, mkate au keki ili chakula kisikosekane, chumvi, na kinywaji. Baadaye wanashikana mikono na kuimba wimbo wa kukumbuka marafiki wa zamani, ambao mshairi Robert Burns aliutengeneza mwaka 1788 kutoka wimbo wa wazee. Hapa kwetu wengi tunaujua kwa maneno ya Kifaransa, tunaimba wakati wa kuagana.

Burns huyo alikuwa mtoto wa mkulima maskini, na utotoni alilishwa nyimbo na mama yake Agnes, na hadithi na mama mwingine wa jamaa. Kila tarehe 25 Januari, siku aliyozaliwa, Waskoti wanamkumbuka kwa chakula kinachoitwa hagisi: moyo, maini na mapafu ya kondoo, yamekatwakatwa na kuchanganywa na kitunguu, mafuta na nafaka, kisha kupikwa ndani ya tumbo la kondoo yuleyule. Ni mapishi ya watu wasiotupa kitu.

NGUO ILIYOKATAZWA

Wengi wakisikia Mskoti, wanaona mwanaume aliyevaa kilti, lile vazi la kitambaa cha mistari na viboksi linalozunguka kiuno mpaka magoti. Kitambaa chenyewe kinaitwa tartani.

Mwaka 1745 koo nyingi za milimani ziliinuka kupigana na mfalme, na mwaka 1746 zikashindwa kule Culloden. Serikali ikaona kwamba kuwashinda kwa vita hakutoshi. Ikatoa sheria: mwanaume au kijana wa milimani asivae tena kilti wala tartani, isipokuwa askari wa mfalme. Ukikamatwa mara ya kwanza, miezi sita ya gereza. Mara ya pili, unapelekwa ng'ambo ya bahari miaka saba. Sheria ile ilikaa miaka 35, mpaka mwaka 1782.

Ilipoondolewa, vazi lilirudi. Mwaka 1822 mfalme mwenyewe, George wa Nne, alikuja Edinburgh amevaa kilti. Leo kijana wa Uskoti akioa anavaa kilti bila haya. Tuseme ukweli, tartani nyingi zinazoitwa za ukoo huu au ule zilipangwa baadaye, katika karne ya 19. Lakini nguo ilirudi, kwa sababu kondoo walikuwapo, na mikono ya kusokota na kufuma ilikuwapo.

KITAMBAA NA WIMBO

Mikono ile ilikuwa ya nani? Katika visiwa vya magharibi, Lewis, Harris, Uist na Barra, kazi ya sufu ilikuwa mikononi mwa wamama. Walisafisha sufu, wakaitia rangi za mimea, wakaisokota. Kitambaa kikitoka kwenye mtambo, kilikuwa bado kigumu na kina nafasi upepo unapita. Ikabaki kukipiga.

Wamama wa kijiji walikusanyika kuzunguka meza ndefu. Walilowesha kitambaa katika mkojo uliokaa siku nyingi, msicheke, maana mkojo huo ulitoa mafuta ya sufu na kushika rangi. Kisha wakakipiga mezani wote kwa pamoja, wakikisukuma kwa jirani kufuata njia ya jua, saa nyingi, mpaka kikawa kinene na laini. Kazi ya namna hiyo bila wimbo haiendi. Mama mmoja alianza, wengine wakaitika, na mikono ikafuata mwendo. Waliimba mapenzi, waliimba wafu waliopotea baharini, waliwacheka wanaume. Walisema si vizuri kurudia wimbo mmoja mara mbili juu ya kitambaa kimoja, kwa hiyo mwimbaji alipaswa kuwa na akiba kubwa kichwani. Nyimbo nyingine zilikuwa na miaka mamia, na hakuna aliyeziandika. Zilitoka mdomo wa mama mmoja kuingia sikio la mwingine.

Kitambaa chenyewe kiliwapa chakula. Katika miaka ya 1840, wakati ugonjwa uliua viazi na njaa ikaingia, Lady Dunmore, mama tajiri wa ardhi ya Harris, alikipeleka kwa matajiri wenzake na kukitafutia wanunuzi. Leo kinauzwa dunia nzima, na sheria ya mwaka 1993 inalinda jina lake: hakuna anayeruhusiwa kukiita Harris Tweed kama hakikufumwa kwa mkono, nyumbani kwa mtu wa visiwa vile, kwa sufu iliyotiwa rangi na kusokotwa kulekule. Vikundi vyetu vya kusuka vikapu na kushona, hapo kuna la kujifunza.

Lakini kazi ya kupiga imechukuliwa na mashine. Meza zilinyamaza, na nyimbo zilizobaki ni zile ambazo watu walifika mapema kuziandika na kuzirekodi.

LUGHA

Sasa tunarudi kwa koko ya Livingstone. Nguo ilikatazwa miaka 35 ikarudi. Kigaeli kilipigwa kwa namna nyingine. Mwaka 1616 serikali ilitaka masomo ya Kiingereza yafunguliwe kila parokia ili Kigaeli kiishe. Mwaka 1872 sheria ililazimisha watoto wote kwenda masomoni, na haikuweka nafasi hata kidogo kwa Kigaeli. Mahali pengine mtoto aliyekisema alivalishwa kijiti shingoni, akakivaa mpaka mwingine naye akosee. Wengi wetu tuliosoma zamani tunakijua kitu cha namna hiyo, kwa jina la « symbole ».

Hata hivyo mwalimu hafiki jikoni. Pigo lililoumiza zaidi lilikuja pale wazazi wenyewe walipoamini kwamba Kigaeli ni lugha ya njaa na Kiingereza ni lugha ya mkate. Baba na mama waliongea Kigaeli wao kwa wao usiku, na asubuhi wakawageukia watoto kwa Kiingereza. Hawakuwa wabaya. Walitaka mtoto apate kazi Glasgow au ng'ambo. Mwaka 1891 waliohesabiwa kusema Kigaeli walipita 250,000. Mwaka 2011 walikuwa kama 58,000 tu, katika nchi ya watu zaidi ya milioni tano.

Waliosimama kukiokoa, wengi walikuwa wazazi wa watoto wadogo. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 walifungua vikundi vya kucheza ambamo watoto wasiofikia umri wa masomo walisikia Kigaeli tu. Mwaka 1985 zikafunguliwa darasa za kwanza za kufundisha kwa Kigaeli, moja Glasgow na nyingine Inverness. Mwaka 2005 sheria ikakitambua. Katika hesabu ya mwaka 2022 watu wenye kukijua angalau kidogo walifika kama 130,000. Ni habari njema. Lakini hesabu ileile ilionyesha kwamba katika visiwa vya magharibi, kule kwenye meza za nyimbo, wanaokisema walishuka chini ya nusu ya wenyeji. Masomo yanaongeza wanafunzi, nyumba zinapunguza wasemaji. Lugha ambayo mtoto anafundishwa na mwalimu peke yake, akifika nyumbani anaiweka chini pamoja na mfuko wa vitabu.

Hatusemi watoto wetu waache Kifaransa. Wajue Kifaransa, wajue Kiswahili, na Kiingereza kikipatikana, vizuri. Kichwa cha mtoto kinabeba lugha tatu kuliko sisi tunavyobeba bidoni moja. Tunasema tu: ile ya koko isiwe ndiyo tunayoitoa ili nyingine zipate nafasi.

MAULIZO KWA VIKUNDI

Mkikutana juma hili, mwulizane haya. Katika nyumba zetu, ni watoto wangapi wanaoweza kusalimia koko kwa lugha yake na kuelewa jibu? Ni wimbo gani wa kutwanga, wa kulima au wa kubembeleza mtoto ambao mama zetu waliuimba, na ni nani kati yetu anayeujua mpaka mwisho? Yule anayeujua auimbe, na mwenye simu aurekodi siku ileile.

Yule mwenzetu alianza mara moja. Kila jioni wakati wa kuchambua sombe, anaongea na mtoto kwa lugha ya kwao tu, mpaka sufuria iwe juu ya moto. Siku ya kwanza mtoto alikasirika. Siku ya tano aliomba simu, akampigia koko yake, akamsalimia kwa maneno matatu, mawili yakiwa yamekosewa. Koko alimsahihisha, kisha akamwambia arudie.

Tuonane juma lijalo.