Gari la Bei Nafuu Tororo, Balaa Busia



Wateja kutoka Kenya hufika hapa Petta wakisifu bei ya magari yaliyotumika Uganda. Sababu ya unafuu si siri. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8. Uganda, tangu 2018, hukataa la miaka 15 na zaidi. Basi Premio ya miaka 12 hupitia Mombasa hadi Malaba kihalali kwa sababu inakuja kwetu. (Nasi tunailipia ushuru wa mazingira!) Lakini Mkenya akiivusha mpaka wa Busia kurudi kwao, namba yake ya usajili inayoanza na U itamfichua, na kusajiliwa kule haisajiliki. Wanunuzi, ulizeni kwanza mwaka wa kutengenezwa, bei baadaye.

Msomaji wenu,
Petta, Tororo