Fundi Si Mtu Aliyefeli

Swali huulizwa kwa upole, na ndiyo maana linauma. "Mwanangu, umesoma mpaka masters halafu unachomelea?" Nimeulizwa na akina mama wanaotoka kanisani, na wenzangu tuliomaliza nao kidato cha sita, na hata na mwendesha bodaboda aliyesimama kunisalimia akaishia kunionea huruma. Hakuna anayeuliza kwa ubaya. Wote wanaamini jambo moja: kwamba shule ni ngazi, kazi ya mikono iko chini ya ngazi, na mtu akionekana chini baada ya kupanda, basi ameanguka.

Makala hii inaipinga imani hiyo, na ushahidi ninao uani.

Ushahidi wenyewe ni Land Rover 109, Series III, aliyoiacha babu yetu hapa Mbinga. Kwa miaka mingi ilikaa juu ya matofali chini ya mparachichi, kuku wakitagia kwenye viti vya nyuma. Likizo iliyopita, baada ya mitihani ya muhula wa kwanza wa shahada ya uzamili, niliamua kuifufua palepale nyumbani. Ugonjwa wake mkubwa ulikuwa kutu kwenye chesisi, kwa hiyo ilinibidi kujifunza kuchomelea. Anayenifundisha ana kibanda kando ya barabara na aliishia darasa la saba. Jina lake silitaji. Nitamwita Fundi, na nikisema hivyo natamka cheo.

Tuanze na anachokijua.

Land Rover ilionyeshwa hadharani kwa mara ya kwanza Amsterdam, Aprili 1948. Uingereza ilikuwa imetoka vitani na chuma kilikuwa cha kugawiwa, kwa hiyo bodi ikatengenezwa kwa aloi ya alumini. Chesisi ikabaki ya chuma. Ndoa hiyo ina gharama yake: metali hizo mbili zikigusana penye unyevu, alumini huliwa na kugeuka unga mweupe. Chesisi nayo ni mfano wa boksi lililofungwa, limeundwa kwa mabamba yaliyochomelewa. Maji na matope yakishaingia ndani hayatoki kirahisi, na kutu hula kuanzia ndani ikija nje. Kwa macho unaona rangi nzuri. Ukigonga kwa tindo, inazama.

Haya mimi niliyasoma. Fundi aliyasikia. Alipita na nyundo ndogo kuanzia bampa ya mbele mpaka nyuma, akigonga na kutega sikio kama daktari anayepima kifua, akichora kwa chaki kila mlio ulipobadilika. Tulipokata, nyuma ya kila alama ya chaki kulikuwa na uozo.

Kisha kuchomelea kwenyewe. Bamba la chesisi lina unene wa milimita 2 hivi. Moto ukizidi, unatoboa tundu kubwa kuliko ulilokuja kuziba. Moto ukipungua, kijiti kinanata, au donge linakaa juu ya chuma bila kushika, na anayetazama juujuu atakusifu. Katikati ya hayo mawili kuna njia nyembamba, na njia hiyo huhama kila umeme unaposhuka kwa sababu jirani amewasha pasi. Fundi haangalii namba za mashine. Anasikiliza. Sauti nzuri, anasema, ni ya dagaa wakiwa kwenye mafuta ya moto. Unashika nukta nukta kwanza, unahamia upande wa pili, unaacha kipoe, unarudi. Ukikimbilia mstari mzima kwa mkupuo mmoja chesisi inapinda, na gari litatembea upande kama kaa.

Huo ni ujuzi wa joto, wa umeme, wa namna metali inavyotanuka na kusinyaa. Chuoni tungeupa msimbo wa kozi, mhadhiri na mtihani wa saa tatu. Kibandani hauna msimbo, kwa hiyo tunasema haupo.

Hapa ndipo ugomvi wangu na sisi wasomi unapoanzia. Kwenye semina tunarudia kwamba nchi ina upungufu wa ujuzi. Tunasema hivyo tukiwa tumekalia viti vilivyochomelewa na mtu, nyuma ya madirisha yenye nondo zilizochomelewa na mtu, tukisubiri daladala ambayo ngazi yake imechomelewa na mtu jana usiku. Upungufu tunaouona umo katika madaftari yetu. Tumehesabu vyeti, tukadhani tumehesabu maarifa.

Wamatengo wanaijua tabia hii vizuri. Kwenye miteremko mikali ya milima yetu watu hulima kwa ngolo. Nyasi hufyekwa na kupangwa kwa mistari inayokatana, kisha hufukiwa kwa udongo, na shamba zima hubaki na mashimo yanayoyakamata maji ya mvua yasiondoke na udongo. Kazi ya kufyeka na kupanga nyasi kwa desturi ni ya wanaume, kufukia na kupanda ni ya wanawake. Miaka ya 1990 walikuja watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine pamoja na wenzao kutoka Japani, wakapima, wakaandika, na dunia ikasoma kwamba mfumo huu una hekima kubwa ya kuhifadhi udongo. Sina neno na watafiti hao, waliheshimu walichokiona. Neno langu ni kwetu. Bibi zetu walikuwa wakiifukia hekima hiyo kila msimu, na tuliporudi kutoka bweni tuliwaona ni watu wasiosoma. Ilibidi atokee mtu kutoka Kyoto ndipo tuamini macho yetu.

Shuka sasa mpaka ziwani. Tarehe 13 Agosti 1914, pale Liuli, ambapo Wajerumani walipaita Sphinxhafen, meli ya Waingereza Gwendolen iliishambulia meli ya Wajerumani Hermann von Wissmann. Mara nyingi tukio hilo hutajwa kuwa shambulio la kwanza la majini katika Vita Kuu ya Kwanza. Husimuliwa kama kichekesho: makapteni wawili, Rhoades na Berndt, walikuwa marafiki, na Mjerumani alikuwa hajapata habari kwamba vita imeanza. Lakini kuna jambo dogo linalopitwa haraka. Meli ya Wajerumani haikuwa majini. Ilikuwa imepandishwa nchi kavu kwa matengenezo. Kulikuwa na watu waliokuwa wakiigonga, wakiikwangua na kuifunga nati. Masimulizi niliyoyasoma yanawataja makapteni wote wawili, yanataja mpaka urafiki wao, na hayamtaji fundi hata mmoja.

Au tazama Liemba, ziwani Tanganyika. Wajerumani waliizamisha wenyewe mwaka 1916, wakiwa wameshaipaka mitambo yake mafuta mazito ili isiliwe na kutu. Iliibuliwa 1924, ikarudi kazini 1927, na kwa vizazi vingi ikawabeba watu wa Kigoma na Kasanga. Tunaisimulia kama muujiza. Muujiza huo una jina la kawaida: matengenezo. Kila mwaka ambao meli hiyo ilielea, kuna mtu alikuwa ameamka mapema kuliko abiria.

Lugha yetu ilishalijua hili. Fundi, fundisha, mafundisho: sikiliza yanavyoitana. Anayejua kutenda na anayejua kueleza walikuwa nyumba moja. Sisi tumejenga ukuta katikati ya nyumba, tukaweka meza ya ofisi upande mmoja na nyundo upande wa pili, kisha tukaanza kuwapigia simu wafadhili waje kutufundisha namna ya kuunganisha nadharia na vitendo.

Kuna upande mwingine ninaoupinga, nao hujifanya rafiki. Ni upande wa wapenda vya kale. Oktoba 2024 Arusha ilifanya tamasha la Land Rover, na picha zake zilipendeza. Sina neno na watu kufurahia magari yao. Lakini tangu hapo kila anayepita uani kwetu ana ushauri. Mmoja anataka rangi ya mwanzo, ile ya kitabuni. Mwingine anataka kuinunua aiweke mbele ya hoteli, juu ya kokoto nyeupe. Gari hili wanalipenda kama watu wanaompenda mzee akiwa amenyamaza.

Land Rover yetu haijawahi kuwa ya kitabuni. Springi za nyuma zimeongezwa majani. Nyuma kuna mabenchi marefu na bomba la kushikia, kwa sababu ilibeba watu na magunia ya kahawa kwa pamoja. Kabla ya lami ya kilometa 66 hivi kati ya Mbinga na Mbamba Bay, kushuka kutoka milimani hadi kwenye ziwa lililo chini ya mita 500 kutoka usawa wa bahari kulikuwa safari ya kuombea, na magari kama hili ndiyo yaliyoshuka na wagonjwa yakapanda na dagaa. Kila kiraka kwenye bodi yake ni uamuzi wa mtu fulani kwamba kesho safari ipo. Ukiking'oa ili gari lionekane kama lilivyotoka Solihull, umefuta historia ya Ruvuma ukabakiza ya Uingereza. Tunachomelea juu ya viraka vilivyo vizima. Vilivyooza tunavibadilisha. Gari likikamilika litabeba mbolea.

Najua majibu yanayokuja. La kwanza: lami ipo, nunua IST. Lami ipo kweli, na ninaishukuru. Lakini kahawa haioti pembeni ya lami. Inaota kwenye miteremko ambako masika barabara huwa kama sabuni, na huko IST hushinda imelala.

La pili ni zito zaidi: wewe unacheza, mwenzako anakula kwa kazi hiyo. Ni kweli. Mimi nina chuo cha kurudi. Yeye ana kodi ya kibanda. Ndiyo maana sisemi kwamba kila mwenye shahada akichomelea mageti mawili nchi itapona. Wala sitamsifu Fundi kwa umaskini wake, mtindo ambao magazeti yetu ya mtandaoni yanaupenda mno: picha ya cheche usiku, maneno matamu kuhusu mikono migumu. Mikono migumu haimlindi mtu na mwanga wa kuchomelea. Mafundi wengi mitaani huchomelea wakiwa wamevaa miwani ya jua, na miwani ya jua haizuii mwanga huo inavyotakiwa. Usiku macho huwaka kana kwamba yametiwa mchanga. Wakichomelea mabati yaliyopakwa zinki hupata homa kwa moshi wake, na maziwa wanayokunywa hayautoi moshi mapafuni. Hatari hiyo inazuilika kwa ngao halisi ya uso na kibanda kinachopitisha hewa. Atakayeiita ushujaa amemsaidia mwenye tenda kubana matumizi.

Na umeme nao una somo. Mpaka gridi ya Taifa ilipofika Ruvuma mwaka 2018, kwa njia ya Makambako hadi Songea, mji kama Mbinga ulitegemea jenereta za dizeli. Fikiria kujifunza ufundi wa moto bila moto wa uhakika, na bado mageti yalifungwa, matrekta yakatembea. Kisha mtu mwenye kiyoyozi anatuambia hapa hakuna ubunifu.

Sasa tumepewa nafasi nyingine. Sera ya Elimu na Mafunzo, toleo la 2023, imeleta mkondo wa amali katika sekondari. Nauogopa kwa sababu tulishapita hapa. Mwaka 1967 Mwalimu Nyerere aliandika Elimu ya Kujitegemea akitaka shule zisiwatenge watoto na kazi ya jamii zao. Tukaipokea kwa namna yetu: jembe likawa adhabu ya waliochelewa namba. Mtoto aliyefaulu hesabu alikaa darasani, mtoro akalima bustani ya mwalimu. Tukiufanya mkondo wa amali kuwa kapu la waliofeli, tutakuwa tumerudia kosa lile lile kwa bajeti kubwa zaidi.

Ninachotaka si kingi. VETA ina utaratibu wa kurasimisha ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi: fundi anapimwa kwa anachokijua, anapewa cheti. Utaratibu huo umfuate fundi kibandani, Mbinga, Kigonsera, Liuli, Lituhi, usimsubiri kwenye foleni. Shule za amali zimwite aje kufundisha, alipwe kama mwalimu, hata kama Kiingereza chake kinaishia kwenye majina ya spea. Kila tenda ya madawati iwe na ngao za uso ndani ya bei. Na vyuo vikuu viache kumwita "mtoa taarifa" mtu ambaye bila yeye tasnifu isingekuwa na sura ya nne.

Nawe msomaji, ambaye huenda unasoma haya ukiwa na tasnifu nusu kwenye kompyuta, una sehemu yako. Ukirudi nyumbani likizo hii, nenda kwa fundi wa mtaa wenu. Mwamkie. Muulize anajuaje anachokijua, kisha nyamaza umsikilize mpaka mwisho, kama unavyomsikiliza profesa. Andika. Ukimaliza kuandika, mlipe muda wake, maana profesa naye halipwi kwa kushukuriwa.