Neno la siri halitoshi kulinda kazi ya Excel

Katika komini ya Kenya, mjini Lubumbashi, anayejua kompyuta hakosi wa kumtuma. Duka la dawa linataka jedwali la kufuatilia bidhaa, shule inataka faili ya kujumlisha alama za wanafunzi. Fundi hukesha akipanga safu na fomula mpaka hesabu zijiendeshe zenyewe. Hulipwa mara moja tu. Kisha faili huhama kwa flashi kutoka shule hadi shule, jina lake limefutwa, naye haambulii hata faranga.

Wengi hudhani dawa ni neno la siri. Sivyo. Lile linalofunga karatasi ndani ya Excel huzuia tu mtu asiharibu fomula. Microsoft yenyewe inasema hiyo si kinga ya usalama. Neno la kufungulia faili lina nguvu zaidi, lakini lazima mteja apewe ili afanye kazi, naye anaweza kumpa mwingine.

Kinga ya kweli ni sheria pamoja na maandishi. Kongo ina sheria ya haki za mwandishi ya tarehe 5 Aprili 1986, na imo katika Mkataba wa Berne, ambao hautaki haki hiyo isubiri usajili. Hata hivyo, si kila kitu kina mwenyewe. Mkataba wa TRIPS wa Shirika la Biashara Duniani, ambalo Kongo ilijiunga nalo mwaka 1997, unalinda ubunifu katika kuchagua na kupanga data, si data zenyewe wala mbinu za hesabu. Fomula ya kutafuta wastani ni ya wote. Mpangilio uliobuniwa na fundi ni wake.

Lakini haki isiyo na ushahidi ni ngumu kuidai. Kabla ya kazi kuanza, pande zote mbili zitie sahihi karatasi inayosema faili ni ya nani, itatumika wapi na kama inaweza kunakiliwa. Fundi aandike jina na tarehe ndani ya faili, atunze nakala za kwanza na kuituma kwa barua pepe ili tarehe ibaki. Anayelipwa mshahara aulize mapema, kwa maana mkataba wa ajira unaweza kumpa mwajiri kazi hiyo.

Wateja nao wajirekebishe. Shule inayomwadhibu mtoto kwa kunakili mtihani haina sababu ya kunakili jasho la fundi.