Maji Maangavu Si Lazima Yawe Salama

Katika jimbo la Florida, kusini mwa Marekani, ziko chemchemi zaidi ya 1,000. Maji hutoka katika mawe ya chokaa yakiwa na joto la nyuzi 22 hivi mwaka mzima, na nguva hukimbilia baadhi yake mito inapopoa. Wakulla ilitangazwa kumbukumbu ya asili ya taifa mwaka 1966, na Silver Springs, yenye mashua za sakafu ya kioo, mwaka 1971.

Je, kutangazwa kulitosha? La. Unaweza kuizungushia chemchemi ua, lakini maji yake huanzia mbali. Mvua huzama ardhini mashambani na majumbani, ikichukua mbolea na uchafu wa mashimo ya choo. Hivyo naitreti imeongezeka, na mwani umefunika mimea ya majini katika chemchemi nyingi. Ndiyo maana sheria ya mwaka 2016 iliagiza kwamba chemchemi kuu 30 zilindwe pamoja na ardhi inayozilisha maji.

Haya yanatuhusu vipi sisi wenye visima? Naitreti haionekani wala hainuki. Kiasi kinachoharibu chemchemi ni kidogo kuliko kinachomdhuru mtu, lakini kisima kilicho karibu na choo au shamba lenye mbolea nyingi chaweza kufikia kiasi cha hatari. Mwaka 1945 daktari Hunter Comly wa Iowa, Marekani, alieleza habari za watoto wachanga waliogeuka rangi ya samawati baada ya kupewa maziwa yaliyochanganywa na maji ya visima vya namna hiyo. Naitreti huizuia damu kubeba hewa safi ya kutosha.

Mama, endelea kuchemsha maji, maana kuchemsha huua vijidudu. Lakini hakuondoi naitreti. Maji yakipungua sufuriani, yenyewe huzidi ukali. Basi zingatia haya:

Mpe mtoto maziwa yako pekee hadi atimize miezi sita. Hahitaji hata maji.

Choo kiwe umbali wa mita 30 au zaidi kutoka kisimani, tena upande wa chini wa mteremko.

Usirundike samadi wala mbolea karibu na kisima.

Ukiona midomo au kucha za mtoto zinageuka samawati, mkimbize hospitali mara moja.

Kabla hamjachimba choo kipya, keti na mzee wa nyumba mpime hatua hizo pamoja. Jirani wa upande wa chini naye ana kisima na mtoto mchanga.