Mafundi wa kompyuta wawafikirie watoto

Binti yangu wa miaka 12 anapenda sana kutengeneza katuni. Fundi mmoja hapa Bunju alituwekea programu ya Blender, akisema ni ya bure na ndiyo iliyotengeneza filamu ya Flow iliyopata Oscar mwaka 2025. Ni kweli, lakini kompyuta yetu kuukuu ilikwama, na mtoto akakata tamaa. Ndipo tukaweka Pencil2D, nayo ya bure, nyepesi, na ikishawekwa haihitaji bando. Anachora picha moja moja kama daftarini. Jana kuku wake alitembea, ingawa anachechemea!

Mafundi, ulizeni kwanza umri wa mtoto na uwezo wa kompyuta yake.

Mzazi,
Bunju, Dar es Salaam.