Geto ya Warsaw: tunaangalia kwa macho ya nani?

Wandugu, kuna foto moja wengi wenu mumekwisha kuiona: mutoto mwenye kofia, mikono juu, nyuma yake askari na bunduki. Ilipigwa Warsaw mwaka 1943, wakati Wanazi walikuwa wanamaliza geto ya Wayahudi. Lakini nani aliipiga? Watu hawaulizaka. Ni Wajerumani wenyewe! Ilikuwa ndani ya ripoti yenye jenerali Jürgen Stroop alitumia wakubwa wake ili ajisifu kama kazi imeisha. Na miaka mingi makumbusho nyingi zimetuonyesha geto kupitia foto zile. Ni kusema tunakumbuka watu kwa macho ya wenye waliwaua.

Na haikuwa lazima. Ndani ya geto ile, fasi kulifungiwa watu zaidi ya 400,000, mwanahistoria Emanuel Ringelblum na wenzake walikusanya kila kitu kwa siri: barua, magazeti ya kujificha, kadi za chakula, hata karatasi za bonboni. Hawakutaka adui aandike historia peke yake. Agosti 1942, wakati watu walikuwa wanapelekwa Treblinka kuuawa, vijana wawili, Dawid Graber wa miaka 19 na Nahum Grzywacz wa miaka 18, walisaidia kuzika sehemu ya kwanza chini ya shule. Umri wenu kabisa! Masanduku 10 ya chuma yalifukuliwa mwaka 1946, bidoni mbili za maziwa mwaka 1950. Sehemu ya tatu haijapatikana mpaka leo.

Bidoni moja inaonyeshwa katika Taasisi ya Historia ya Wayahudi, palepale Warsaw. Kwetu sisi, ile bidoni yenye kutu inasema mengi kupita foto zote za Stroop.

Kuna wenye wameanza kuelewa. Mwaka 2023 makumbusho ya POLIN, yenye imejengwa fasi geto ilikuwa, ilifanya maonyesho juu ya raia wenye walijificha chini ya nyumba wakati wa mapigano. Mbele, sifa kubwa ilikuwa inaenda kwa wenye silaha. Walionyesha pia foto zenye muzimamoto mumoja wa Poland, Zbigniew Leszek Grzywaczewski, alipiga kwa siri.

Sasa angalieni siasa. Mwaka 2019 mukurugenzi wa POLIN, Dariusz Stola, alishinda mashindano ili aendelee na kazi. Waziri wa utamaduni akakatala kumuteua. Mwaka wenye kufuata Stola akaachilia. Maonyesho yake juu ya Wayahudi wenye walisukumwa kutoka Poland mwaka 1968 yalikuwa yameudhi wakubwa.

Njo maana tunasema: ufunguo wa makumbusho usikae mufukoni mwa waziri. Na chini ya kila foto ya muuaji iandikwe wazi ilitoka kwa nani, na ju ya nini. Wewe pia, ile foto ya mutoto ikifika tena kwenye telefone yako, mbele ya kuituma kwa wengine, andika chini jina la Stroop.