Kansa ya shingo ya kizazi: binti zetu wachanjwe

Sisi matabibu wa kanda ya ziwa huwapokea akina mama kutoka Sengerema na Ukerewe waliotokwa damu miezi mingi, wakaificha kwa haya. Wengi ni wake waliotulia katika ndoa zao.

Karibu kansa zote za shingo ya kizazi huletwa na virusi vya HPV. Virusi hivi vina jeni mbili, E6 na E7, ambazo huwaondoa walinzi wanaoizuia seli kuzaana ovyo. Wataalamu walipozinyamazisha jeni hizo maabara, seli za kansa ziliacha kukua, nyingine zikafa. Kumbe zinaishi kwa amri ya virusi!

Tiba hiyo bado haijamfikia mgonjwa wa kawaida. Tulicho nacho ni chanjo inayovizuia virusi mlangoni. Utafiti ulioanza 2017 hapa Mwanza, kwa wasichana 930 wa miaka 9 hadi 14, ulionyesha kuwa miaka miwili baada ya dozi moja, karibu wote walikuwa na kinga. Mwaka 2024 Tanzania ikahamia dozi moja.

Wapo wasemao chanjo inafunga kizazi. Si kweli. Wengine husema inafundisha uzinzi. Binti hulindwa na malezi, lakini mume atakayemuoa huenda akaja na virusi asivyovijua.

Baba, mpeleke binti yako akachanjwe. Nawe mama, usingoje damu: kapimwe.